Kuku wa Wexley na Ijumaa za Mama

Lypova, Saskatchewan
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Daria,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku ni wazima. Ngano iliingia ndani kabla ya mvua, na jirani yetu Metro, anayetulimia shamba la marehemu Baba kwa kodi, anasema mwaka huu hana la kulalamikia, ingawa bado analalamika. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Habari kubwa ni kwamba mke wangu Lorraine ana mimba, na mtoto anatarajiwa mwezi Machi. Mama amekwisha kumfumia soksi na anamwita Ivan. Lorraine akimwambia huenda akawa msichana, Mama hujibu, "Basi Ivan atavaa gauni."

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu iko ukutani jikoni, na jikoni ndiko aliko Mama.

Ghala la nafaka linafungwa mwisho wa mwaka, na reli itang'olewa baada yake. Nimefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Wamenipa barua ya shukrani na kofia.

Kituo cha mafuta cha barabara kuu kinapanuliwa, na ubavuni mwake patakuwa na nafasi ya mgahawa. Kampuni ya Wexley ya Toronto, wale wa kuku wa kukaanga, inatafuta mtu wa kununua haki ya kuuendesha kwa jina lake. Nimeomba. Benki itakopesha nikiweka rehani, na mali pekee tuliyo nayo ya kuweka ni lile shamba. Hati yake ina majina mawili, langu na lako. Bila saini yako hakuna mkopo. Kampuni imenipa hadi tarehe 19 Desemba. Nikikosa, nitakwenda Fort McMurray kwenye machimbo ya mafuta kama wenzangu, na mtoto atazaliwa nikiwa kambini.

Mitihani yako ya Desemba inaisha lini? Mama anauliza kwa ajili ya tiketi ya basi.

Kaka yako,
Orest


Montreal
2 Oktoba 1997

Kaka Orest,

Salamu kwako, kwa Lorraine na kwa huyo Ivan wa gauni. Nilipoisoma habari ya mtoto nilicheka peke yangu kwenye ngazi za jengo, mpaka mwenye nyumba akanifungulia mlango akidhani nimekosa ufunguo. Mimi ni mzima. Chumba ni baridi, lakini nina blanketi ya Baba.

Sasa nivumilie, maana umenigusa pabaya. Unaniomba niweke shamba la Baba mikononi mwa benki ili upate ruhusa ya kukaanga kuku. Ruhusa! Tangu lini mtu wa Lypova akahitaji kibali cha mtu wa Toronto ili amchovye kuku kwenye unga? Wanakuuzia nini hasa, kaka? Jiko utanunua wewe. Kuku utanunua wewe. Mkopo utabeba wewe, usingizi utakosa wewe, na juu ya mlango litaandikwa jina la mtu ambaye hajawahi kuliona vumbi la barabara yetu. Ghala lilikutumia miaka kumi na mmoja, likakulipa kofia. Je, unataka sasa uwalipe wewe wakutumie?

Sijakataa. Nataka kujua. Ada ya kuingia ni kiasi gani, na ukishindwa inarudi? Mrabaha wa kutumia jina lao unatozwa kwenye mauzo au kwenye faida? Usinijibu juujuu, maana hapo ndipo mtu anapochinjwa. Nani anachagua unanunua wapi bidhaa? Mkataba ukiisha, nani anabaki na nini? Nitumie karatasi zote, si ile tu ya kusaini.

Wako katika kupinga na katika kupenda,
Daria


Lypova
19 Oktoba 1997

Mdogo wangu Daria,

Tumsifu Yesu Kristo. Mara ya kwanza hukuitikia. Mama aliniuliza umeitikia vipi, nikamwambia umeitikia vizuri, kwa hiyo sasa nina dhambi yako na yangu.

Majibu yako haya. Ada ya kuingia ni dola elfu ishirini na tano, na hairudi. Vifaa, mabango, samani na mtaji wa miezi ya mwanzo vinafikisha gharama yote karibu laki tatu. Mrabaha ni asilimia tano, na asilimia nne nyingine huenda kwenye mfuko wa matangazo. Vyote vinatozwa kwenye mauzo. Naam, hata mwezi wa hasara. Kuku na viazi hutoka kwa msambazaji wao huko Winnipeg, vimegandishwa. Viazi pia, Daria, na sisi tumekaa juu ya viazi. Mkataba ni wa miaka kumi, na mwaka wa saba ni lazima niukarabati mgahawa kwa fedha yangu kwa sura watakayoitaka wao. Mafunzo ni wiki sita, nauli na malazi juu yangu.

Umeuliza wananiuzia nini. Wananiuzia dereva wa lori anayekwenda Edmonton akiwa na njaa, ambaye hajui mimi ni nani na hana haja ya kujua. Akiona bango la Wexley anakunja kona. Akiona "Kwa Orest" anaendelea mpaka Wexley ya mbele. Nimekwenda benki mara mbili. Mara ya kwanza niliomba mkopo wa mgahawa wangu mwenyewe, na meneja akaniuliza kama Mama hajambo. Mara ya pili nilitaja Wexley, akaniletea kahawa.

Mkaguzi wao, Bwana Prewitt, alikuja Ijumaa kutazama eneo. Nilipanga nimpeleke hotelini. Mama akasikia. "Mgeni wa mwanangu akale hotelini? Watu watasema tumekufa?" Akamchukua moja kwa moja hadi ukumbi wa chini wa kanisa, ambako kina mama walikuwa wanauza pirohi kama kila Ijumaa. Akamketisha kati ya Bi Pavlina na jiko, akamwekea vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini, vitunguu vya kukaanga juu na krimu chachu pembeni.

"Kula, mwanangu. Umekonda kama ufito. Mkeo hapiki?"

"Sijaoa, mama."

"Pavlina! Hajaoa!"

Alikula sahani tatu. Mama akanogewa. Akamwambia malori hupanga foleni mpaka kwenye reli, na kwamba paa zima la kanisa limetoka kwenye pirohi.

"Kila Ijumaa, mama?"

"Kila Ijumaa! Na Kwaresima mara mbili kwa wiki. Hao wa Wexley waje wajifunze kwetu."

Bwana Prewitt alicheka, akafuta mdomo, akaandika.

Karatasi zote zimo katika bahasha hii, pamoja na nyongeza waliyoileta baadaye. Saini panapo alama ya msalaba. Soksi za Mama zimefika jozi nne. Hujaniambia mitihani inaisha lini.

Kaka yako,
Orest


Montreal
9 Novemba 1997

Kaka Orest,

Salamu nyingi kwenu. Huku theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Ninafurahi kwamba soksi zimekuwa jozi nne. Wafanyakazi wa posta wanajiandaa kugoma, na ninawaunga mkono kwa moyo wote. Jana nilipika supu kwa ajili ya kikao chao, nikaweka chumvi mara mbili, wakainywa mpaka sufuria ikakauka. Hiyo ndiyo nidhamu ya tabaka la wafanyakazi.

Nimesoma mkataba wako kwa siku tatu. Nimefika kwenye nyongeza, ukurasa wa thelathini na moja, na sitaki kuamini kwamba hujaufikia. Nakuandikia hapa kwa lugha ya kueleweka: mwenye mkataba, mwenzi wake, na jamaa yeyote anayeishi naye nyumba moja, hawatashiriki, kwa malipo au bila malipo, katika kuuza chakula kilichopikwa ndani ya kilomita arobaini, kwa muda wote wa mkataba na miaka miwili baada yake.

Anayeishi nawe nyumba moja, Orest. Kwa malipo au bila malipo.

Mkataba ni wa miaka kumi. Ongeza miwili. Mama ana miaka sitini na minne. Wamemwandikia Mama amri ya kutokanyaga jiko la kanisa mpaka awe na miaka sabini na sita! Yule kijana alikula sahani tatu kutoka mkononi mwake, akafuta mdomo, akaenda kumtungia sheria. Ndivyo mtaji ulivyo: hutembelea meza yako, husifu mapishi yako, kisha hukuuliza kwa nini unapika. Sikasirishwi na Prewitt tu. Nakasirishwa na sentensi yako moja fupi, "pamoja na nyongeza waliyoileta baadaye", iliyopita mbele yangu kama mtu anayepita kanisani akiwa amevaa viatu vyenye matope.

Nina swali moja, na sitaweka saini mpaka nijibiwe. Je, Mama anajua?

Daria


Lypova
13 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote wazima. Lorraine hali mayai tena, harufu inamchefua. Metro amenunua trekta iliyotumika na anaiendesha kanisani.

Redio inasema posta watagoma kuanzia wiki ijayo. Ninakwenda kuitia barua hii sandukuni sasa hivi. Benki inataka saini mbili, na tarehe 19 Desemba haijasogea. Sina mengi ya kusema kuhusu ukurasa ulioutaja. Kila mkataba una ukurasa wa namna hiyo. Nimewapigia simu kuomba waufute, na mtu wa sheria amenijibu kwa upole kwamba kampuni haibadilishi maneno kwa mtu mmoja, kwa sababu ina wenye migahawa mia mbili na wote wana mama.

Mitihani inaisha lini, Daria? Hii ni mara ya tatu.

Orest


Montreal
26 Novemba 1997

Kaka Orest,

Salamu kwa wote. Barua yako niliipata asubuhi ya mwisho kabla ya mgomo, mikononi mwa mpeleka barua mwenyewe, ambaye aliniambia, "Binti, isome polepole, hutapata nyingine hivi karibuni." Sasa masanduku ya barua yamefungwa kwa mkanda. Najua unachokifikiria: kuna makampuni ya kubeba vifurushi yanayofanya kazi. Siwezi. Nimesimama na watu hawa kwenye baridi kila asubuhi, nikiwaambia wapita njia wasiwasaliti. Siwezi kugeuka kona nikampa mvunja mgomo bahasha yangu kwa sababu mwenye haraka ni kaka yangu. Unitukane. Nastahili.

Lakini baridi ya pale mlangoni pa posta imenifikirisha. Juzi mzee mmoja wa posta, Bwana Thibodeau, alinikuta nikihutubia. Akaniuliza, "Wewe ungeamua turudi kazini au tubaki nje?" Nikasema hiyo ni kura yao, mimi si mfanyakazi wa posta. Akasema, "Vizuri," akaenda zake kuota moto.

Nimekaa na jibu langu mwenyewe tangu siku hiyo. Wewe ndiye unayefungiwa ghala. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya mafuta yanayochemka, au ndiye utakayelala kambini mtoto akizaliwa. Nusu ya shamba ni yangu kwa karatasi, lakini kuitumia kukuchagulia maisha ni kufanya lile lile ninalowashtaki wao. Kwa hiyo nimesaini kila panapo msalaba. Bado naamini mkataba huu ni wizi uliopigwa pasi. Hayo ni maoni yangu, na saini ni yako.

Ukurasa wa thelathini na moja sikuugusa, maana si wangu wala si wako. Ni wa Mama. Muulize.

Daria

5 Desemba. Serikali imewalazimisha wa posta kwa sheria warudi kazini. Natia bahasha hii kwenye sanduku la kwanza lililofunguliwa mtaani kwetu.


Lypova
8 Januari 1998

Mdogo wangu Daria,

Kristo amezaliwa. Hukuja kwenye Krismasi yetu ya Januari, na Mama hakukutetea wala hakukulaumu. Alikuwekea sahani, karibu na ile ya kumkumbuka Baba. Ngano ya asali ilikuwa nzito kidogo. Lorraine alikula samaki wote wa Metro.

Mgomo wako ulininyima usingizi wiki tatu. Nilipanga matusi, mengine mazuri sana, lakini bahasha yako ilifika tarehe 15, ikiwa bado na siku nne mkononi, kwa hiyo yamebaki bila kazi.

Uliuliza swali nami nikalikwepa. Jibu ni kwamba mimi sikumwambia Mama. Nilikuwa nikijisemea kwamba nitamwambia saini yako ikija, na kwamba isipokuja hakuna haja ya kumuumiza. Jioni ile ile niliweka karatasi mezani nikamwambia, "Mama, kuna jambo."

Akasema, "La Prewitt?"

Bwana Prewitt alikuwa amempigia simu Oktoba, kwa adabu, kumuuliza kama pirohi ni za kanisa au ni zake. Simu iko jikoni, nilikuambia. Akamweleza pia kwa nini anauliza. Mama alikuwa anajua kabla yangu.

Akanipeleka chumbani kwake. Kulikuwa na masanduku matatu ya tufaha, yamefungwa kamba. Vyombo, mashuka, picha ya Baba ikiwa imefungwa kwenye taulo. Alikuwa ameongea na padri kuhusu kile kijumba cha mwimbishaji nyuma ya kanisa, ambacho hakijakaliwa tangu mwimbishaji afariki na ambacho bomba lake hupasuka kila majira ya baridi.

"Karatasi inasema nyumba moja," akaniambia. "Basi tutakuwa na nyumba mbili. Wewe utauza kuku wako, mimi nitauza pirohi zangu, na Prewitt atakula kwa wote wawili."

"Mama, kule hakuna hata joto."

"Nina soksi."

Alikuwa mchangamfu, Daria. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amepata mlango katika mkataba ambao wewe na mimi hatukuuona, na alijivunia. Ningesaini, angehama wiki ileile, na hakuna mtu Lypova ambaye angenisema vibaya.

Nilikuwa na saini zote. Tarehe 16 niliiweka bahasha kwenye kiti cha gari. Tarehe 17 nikaifikisha mlangoni pa benki na kurudi nayo. Tarehe 18 Lorraine aliniuliza kama naisubiri iote mizizi. Tarehe 19 Mama alikuwa ukumbini, ilikuwa Ijumaa, nikaenda kumsaidia kubeba sufuria, na nilipotoka ukumbini, benki ilikuwa imefungwa.

Sisemi nimefanya vyema. Meneja wa benki anadhani mimi ni mjinga, na huenda yuko sahihi. Nafasi ya kituo cha mafuta amepewa mtu wa Yorkton. Ninaondoka tarehe 2 Februari kwenda Fort McMurray, wiki sita kazini na wiki moja nyumbani, na wiki hiyo moja huenda isikutane na siku ya Lorraine. Mama amefungua masanduku, lakini ananuna, kwa sababu alikwisha kuchagua rangi ya mapazia.

Sasa nami nijibiwe. Mitihani.

Orest


Montreal
21 Januari 1998

Kaka Orest,

Milele amina. Mwambie Mama nimeitikia.

Mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme za nusu ya mkoa, na nilikaa siku nyingi bila taa. Wapangaji sote tulihamia chumba kimoja chenye jiko la gesi, tukapika kila kilichokuwa kinaharibika. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa sauti, kwa mshumaa, watu sita wakisikiliza. Walipiga makofi nilipofika kwenye soksi.

Hakuna mitihani. Mwezi Septemba tuliikalia ofisi ya mkuu wa chuo kupinga kupandishwa kwa karo, na mimi ndiye niliyesoma tamko dirishani. Wamenisimamisha mwaka mzima. Sijutii tamko, lilikuwa zuri. Nilikosa nguvu ya kuwaeleza watu wawili walionilipia nauli ya kuja huku. Nimekuandikia kurasa nyingi kuhusu ukweli uliofichwa kwenye ukurasa wa thelathini na moja, huku wangu nimeukalia.

Ninashika basi la tarehe 28. Nitakukuta kwa siku mbili. Baada ya hapo nitalala chumba chako cha zamani, nitamwendesha Lorraine hospitalini siku yake ikifika, na Ijumaa nitakuwa ukumbini. Bi Pavlina ana mabega mabaya na kina mama wanapungua. Mwambie Mama asinisimange nikibana pirohi vibaya. Zangu hufunguka majini, anajua.

Daria


Kambini, karibu na Fort McMurray
1 Machi 1998

Mdogo wangu Daria,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika anwani ya nyumbani na jina lako kwenye bahasha moja, jambo ambalo sijalifanya tangu uende chuo. Mimi ni mzima. Chumba changu kina upana wa kitanda na mlango. Jirani yangu anakoroma kwa Kifaransa. Mshahara ni kama walivyoahidi, na nimemtumia Lorraine wa kwanza.

Mwambie Lorraine msimamizi amekubali: akipata uchungu wakati wowote, mpige simu ofisini, na nitapanda lori la kwanza linaloshuka kusini. Mwambie pia kwamba Ivan akiwa msichana, jina Ivanka limekubaliwa kwa kura zote za chumba hiki.

Jana tulikuwa na mapumziko tukashuka mjini. Barabara kuu ina mgahawa wa Wexley. Sikutaka kuingia, kisha nikaingia. Kuku wao ni mzuri, Daria, sitakudanganya. Uwanja wa mgahawa umejaa malori. Mwenye mgahawa alikuwa mwenyewe kwenye mashine ya fedha, mtu wa makamo, macho mekundu. Nilimuuliza kama biashara inalipa.

"Inalipa," akasema. "Inamlipa Wexley kwanza, kisha benki, kisha watoto wa jikoni, kisha mimi. Lakini inalipa."

"Ungeinunua tena?"

Akatazama foleni nyuma yangu. "Unataka sosi?"

Nilikula kwa utulivu mpaka mwisho. Huenda ningekuwa yeye, na huenda ningekuwa nimeridhika. Nilikuwa nadhani nikiuona mgahawa wao nitajua kama nilikosea, na sikujua. Nilichojua ni kwamba ilikuwa Jumamosi, na jana yake mlikuwa ukumbini.

Kwaresima, kwa kalenda ya kanisa letu, inaanza kesho. Watu wa zamu yangu kutoka Vegreville na Dauphin wamekwisha kuanza kulia kwa sababu jikoni hapa Ijumaa tunapewa samaki wa mraba. Nimewaahidi pirohi. Mgandishe dazeni ishirini za viazi na jibini, mzitume kwa basi la Jumatatu, na mziandikie jina langu. Zile zako zinazofunguka ziweke pia, nitakula mimi. Nitalipa bei ya ukumbini kama mteja mwingine yeyote, nauli juu yangu.

Lakini mrabaha wa jina la Mama sitoi hata senti.

Kaka yako,
Orest